Mafuta Chini ya Ngozi

Kijiko cha akina Yoeli, ile mashine ya kuchimbia mashimo, kilianza tabia ya kulala kazini siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi kilikuwa kimeshawaaibisha mbele ya kila fundi aliyejenga Moshono. Asubuhi, kikiwa baridi, kilichimba vizuri na watu wakasimama kutazama. Jua likipanda na mafuta yakipata moto, bumu, ule mkono mrefu wa nyuma unaobeba bakuli la kuchimbia, ulianza kushuka wenyewe taratibu kama mzee anayesinzia kanisani. Yoeli aliunyanyua, ukashuka. Akaunyanyua tena, ukashuka tena. Vibarua waliokuwa wakingoja shimo walikaa juu ya mawe wakacheka, maana mtu anayelipwa kwa siku hana haraka na shimo la mwenzake.

Mashine yenyewe ilikuwa mtumba. Miaka ile kila kitu kilikuwa mtumba, mashati, majokofu, hata matairi, tangu serikali ilipoachia biashara na kila mwenye uwezo akaingiza alichotaka. Yoeli alipopunguzwa kazi ya udereva katika chama cha ushirika, yeye na kaka yake Anande waling'oa kahawa ya baba yao kule mlimani, wakauza kipande hicho cha shamba na ng'ombe, wakanunua kijiko kilichotoka Uingereza kikiwa kimechoka kama punda wa mnadani. Lakini kilikuwa chao, na pale Sekei walipopanga vyumba viwili hapakuwa na nyumba nyingine yenye kijiko mlangoni. Watoto wa jirani walikuwa wakikiamkia shikamoo.

Kijiko kilipokwenda, masufuria ya Lydia, mke wa Yoeli, yalifuata. Yoeli alichimba, Lydia akawauzia vibarua wali na maharage, na jioni walirudi nyumbani na pesa za mifuko miwili. Ndiyo maana siku hiyo ya Alhamisi alikuwepo, akipuliza moto chini ya sufuria, na aliona kila kitu kwa macho yake.

Mwenye kiwanja, Mzee Abdulsalam, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa akijenga nyumba ya familia yake, alifika na pikapu yake nyeupe, akasalimia watu wote kwanza, kisha akamwita Yoeli pembeni. Pembeni yenyewe ilikuwa hatua mbili kutoka kwa Lydia.

"Yoeli, mimi si mtu wa kelele. Lakini mvua haitanisubiri. Nimekuchukua wewe kwa sababu nilitaka nimpe riziki mtu wa hapa hapa. Yule Mhindi wa Themi ana vijiko vitatu na vyote vinachimba."

"Leo nakitengeneza, mzee wangu. Leo leo."

"Jana ulisema leo."

"Leo ni leo, mzee."

"Haya. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitapita. Nikikuta shimo, tumemalizana vizuri. Nisipokuta, usinilaumu."

Yoeli aliitikia kwa kichwa, akitazama viatu vyake. Lydia aliona aibu kwa niaba ya mumewe, akajifanya anakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Fundi waliyekuwa naye aliitwa Saadi, kijana wa gereji za mjini, mwenye maneno mengi na bisibisi mfukoni. Alikuwa amekwishatoa hukumu yake tangu jana: pampu imekufa. Alisema amesikia ikilia, na pampu ikilia haina dawa, ni kununua nyingine. Pampu nyingine maana yake ilikuwa kung'oa na ile kahawa iliyobaki.

"Kaka, unajipa moyo bure," alisema Saadi akijifuta mikono. "Mimi nimefungua mashine za Wachina, za Wataliano, zote. Hii ni pampu. Niache niende mjini nikutafutie chakavu kwa watu ninaowajua."

"Nenda kaulizie," alisema Yoeli. "Lakini kwanza niambie kitu kimoja. Kila asubuhi naongeza mafuta ya haidroliki kwenye tangi. Jana nimeongeza, leo nimeongeza. Chini pakavu. Hayo mafuta yanakwenda wapi? Yananywewa na nani?"

Saadi alikuna kichwa, akasema mashine za mtumba zina mambo yake, akaondoka.

Yoeli alibaki akiizunguka ile mashine. Hakuwa fundi wa kusomea, lakini miaka aliyoendesha malori ya ushirika kwenye barabara za mlimani ilimfundisha kutokubali neno la gereji mara moja. Alipima mafuta, yalitosha. Alifungua chujio, lilikuwa safi. Kisha akainama chini ya bumu, mahali mipira minne minene inapopeleka mafuta, akakuta vumbi lililolowa. Hapakuwa na tone wala mchirizi, ila vumbi lilikuwa jeusi na lenye kunata, kana kwamba mtu amelipulizia. Basi kulikuwa na tundu mahali fulani, dogo mno, linalofunguka mafuta yakipata nguvu tu.

"Mama Lilian!" aliita. "Njoo unishikie leva."

"Mimi?"

"Kwani itakung'ata? Panda, kaa kwenye kiti. Nikisema vuta, vuta. Nikisema ongeza, kanyaga moto, hiyo pedali hapo chini."

Lydia alifuta mikono kwenye khanga, akapanda. Vibarua walipiga miluzi, mmoja akasema leo tumepata dereva mzuri kuliko jana. Lydia hakujali. Moyoni alifurahi kidogo, maana tangu mashine hiyo ije alikuwa hajawahi kukaa kwenye kile kiti, na kutoka juu pale aliuona mlima Meru wote hadi kileleni. Akavuta leva. Injini ikaunguruma, bumu likanyanyuka.

Yoeli alikuwa chini, akipitisha mkono wa kulia juu ya mpira mmoja mmoja, polepole, kama anayepapasa mgongo wa ng'ombe kutafuta kupe. Ndivyo mafundi wote wa gereji za Arusha walivyofanya, na ndivyo alivyofundishwa. Macho hudanganya, walisema, mkono haudanganyi.

"Ongeza!"

Lydia akakanyaga.

"Ongeza tena!"

Akakanyaga zaidi. Ghafla Yoeli aliruka nyuma, akauvuta mkono kifuani. Lydia alishtuka, akaachia kila kitu, na bumu likatua chini kwa kishindo. Alipoteremka mbio alimkuta mumewe anacheka.

"Nimeipata! Mama Lilian, nimeipata! Si pampu. Ni mpira huu, hapa hapa. Imenichoma kama sindano."

Alimwonyesha kidole cha shahada. Penye nyama ya ncha palikuwa na alama nyekundu, ndogo kuliko anayoiacha mbu. Damu haikutoka. Lydia alikibusu kidole kile mbele ya vibarua wote, akiona aibu na kucheka kwa pamoja, maana pampu ilikuwa imenusurika na kahawa ilikuwa imenusurika na Mzee Abdulsalam angepata shimo lake. Yoeli akafungua mpira ule kwa spana, na Saadi aliporudi mikono mitupu wakamtuma nao mjini akatengenezewe mwingine. Siku ile Yoeli alikula wali sahani mbili.

*

Mchana kidole kilikufa ganzi. Alasiri walipofika Sekei kilikuwa kimenenepa na kugeuka cheupe, weupe wa ajabu kwa mtu mweusi, na ganzi ikaondoka, yakaja maumivu. Yoeli, mtu aliyewahi kung'olewa jino bila sindano akaenda kazini siku hiyo hiyo, aliketi kwenye kitanda akautingisha mkono kama mtoto aliyeungua.

"Tuseme kuna mwiba umeingia?" aliuliza Lydia.

"Mwiba gani kwenye mpira?"

Mama mwenye nyumba alileta maji ya chumvi ya moto. Jirani mwingine alileta kitunguu. Katika zahanati ya mtaani mganga alikigeuza kidole huku na huku, akasema ni mwiba au waya, akadunga sindano ya pepopunda, akatoa vidonge vya maumivu na kusema warudi keshokutwa. Walipotoka mlangoni Yoeli alitapika.

Pikapu ya Mzee Abdulsalam iliwakuta wamesimama barabarani. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa wa mashine umejulikana, akaja kuhakikisha kwamba kesho kuna kazi. Aliteremsha kioo, akafungua mdomo aulize habari ya shimo, akauona ule mkono. Uvimbe ulikuwa umeshavuka kiganja.

"Audhubillahi," alisema. "Ingieni. Ingieni ndani wote."

*

Hospitalini muuguzi wa zamu, mama mmoja mnene aitwaye Hedwiga, aliwataka walipie kadi kwanza kwa sababu matibabu ya bure yalikwishaondoka na zamani zake. Mzee Abdulsalam akalipa bila neno. Daktari alikuwa kijana, Aristides, mwenye miwani na usingizi machoni. Aliandika jina, akaandika umri, akauliza kilichomchoma.

"Mafuta ya kijiko, daktari," alisema Yoeli. "Mpira ulikuwa na kitundu. Nilikuwa nakitafuta kwa mkono."

Daktari aliacha kuandika. "Mashine ilikuwa inaunguruma?"

"Inaunguruma sana. Mke wangu alikuwa ameshika moto."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Kabla ya chakula."

Aristides alivua miwani, akasimama, akamwambia Hedwiga aandae chumba cha upasuaji. Lydia alifikiri ameitiwa mgonjwa mwingine, akageuka kutazama mlango.

"Mama, nisikilize," alisema daktari. "Hili si jeraha la mwiba. Mafuta yale yanatoka kwa nguvu ya kupita kwenye ngozi kama risasi. Yameingia ndani, na yanatembea. Yanafuata mishipa mpaka kiganjani, yanaua nyama yanapopita. Lazima nimfungue kidole, nifungue na kiganja, nisafishe. Usiku huu. Si kesho."

Yoeli alicheka, kicheko kikamgeuka kikawa mguno. "Ufungue kiganja kwa tundu ambalo hulioni?"

"Ndiyo maana naogopa. Lingekuwa kubwa mafuta yangetoka. Mgonjwa wa namna hii niliwahi kumpokea, alitoka migodini. Alichelewa."

Hedwiga alileta karatasi na kalamu. Kwa kuwa mkono wa Yoeli haukuweza kushika kitu, alimtazama Lydia. "Wewe ndiye mke wa ndoa? Saini hapa kwamba unakubali."

Lydia alishika kalamu, akamtazama mumewe. Ni vizuri kusema wazi jambo lililomzuia, maana wengine wangedhani ni ujinga, na Lydia hakuwa mjinga. Katika ukoo wa akina Yoeli, mtu mzima hakutiwa kisu mpaka ndugu zake wakae na kukubaliana. Baba yao alipokatwa tezi, wazee walikaa. Dada yao alipojifungua kwa upasuaji, wazee walikaa kwanza, na mtoto alitoka hai. Mwanamke aliyeolewa angeweza kupika, kulima, kushika moto wa kijiko, lakini mwili wa mtu wa ukoo ulikuwa mali ya ukoo. Kalamu ile ilikuwa nyepesi lakini yeye aliona inamzidi.

"Kaka akija," alisema Yoeli akiwa amefumba macho. "Mama Lilian, tumsubiri kaka. Huu ni mchomo tu."

"Mgonjwa haulizwi uji, mama," alisema Hedwiga kwa sauti ya chini. "Saini."

"Shemeji yuko karibu," alisema Lydia. "Atafika sasa hivi. Tumsubiri kidogo tu."

Akaiweka kalamu mezani. Daktari alisema maneno mengine, mengi na makali, kisha akaona hayaingii. Mzee Abdulsalam alijitolea kumfuata Anande mlimani na pikapu, akafika, akaambiwa Anande alishukia gulioni Ngaramtoni kununua maharage na atalala huko. Akaacha ujumbe, akarudi zake kwake. Usiku wote Lydia aliushikilia mkono ule juu kwa mikono yake miwili kama alivyoelekezwa, na kila alipouliza unaendeleaje, Yoeli alijibu afadhali, hadi alipoacha kujibu.

*

Anande alifika asubuhi jua limeshatoka, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Mmoja, Mzee Sifaeli, alikuwa amevaa koti la kanisani. Anande aliingia wodini, akautazama mkono wa mdogo wake uliokuwa umefungwa kitambaa, akatoka nje akiwa amejaa machozi na hasira.

"Shikamoo shemeji," alisema Lydia.

"Marahaba. Mashine iko wapi?"

"Iko Moshono. Saadi alikwenda kuifungia mpira mpya."

"Haya. Tukae."

Wakakaa kwenye benchi la saruji nje ya wodi, karibu na kamba za kuanikia mashuka. Lydia hakukaa. Alikuwa amenunua chupa ya chai kibandani, basi akawamiminia mmoja baada ya mwingine, akasimama pembeni na ile chupa kama mhudumu wa hoteli, akisikiliza mumewe akijadiliwa.

"Daktari anataka kumpasua kiganja," alisema Anande. "Kijana mdogo. Hata ndevu hana. Nimemuuliza tundu liko wapi, ameshindwa kunionyesha."

"Wanajifunzia watu," alisema mzee wa pili. "Siku hizi hospitali nayo ni biashara. Ukilala unalipa, ukipasuliwa unalipa mara mbili."

Wakati huo Saadi alitokea getini, anakimbia, ameshika kitu kwenye gazeti. Alikuwa na furaha kiasi kwamba hakusalimia. Kijiko kinafanya kazi, alisema. Bumu linasimama hewani kama mnara. Ameshamalizia nusu ya shimo la Mzee Abdulsalam yeye mwenyewe, amekuja tu kumpa mgonjwa habari njema. Akafungua gazeti, ndani mlikuwa na ule mpira wa zamani.

"Mimi nilisema pampu, nikakosea, nakiri. Kaka Yoeli ni fundi. Tazameni wenyewe, wazee wangu."

Aliupinda mpira. Wazee walisogeza vichwa. Hawakuona kitu. Akaupinda zaidi, na kwenye ule weusi pakafunguka kitundu ambacho hata unywele ungeingia kwa taabu. Anande alikigusa kwa ukucha.

"Ni haka?" aliuliza. "Haka ndiko kamemlaza mdogo wangu?"

"Ndiko haka haka, kaka."

Mzee Sifaeli aliguna, kisha akaanza kucheka kwa sababu mzigo umemtoka rohoni. Yule mwingine naye akacheka. Anande akafuta macho na kucheka pia, na Lydia, Mungu amsamehe, naye alitabasamu. Kwa nukta chache pale kwenye benchi palikuwa na furaha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, kila mmoja wao alikwisha kuusema msemo huo mara elfu, lakini walikuwa wakiuzungumzia ukuta wa nyumba.

"Basi shauri limekwisha," alisema Mzee Sifaeli. "Tumpeleke nyumbani mlimani. Yule mama wa Kilinga anakanda uvimbe kwa majani, unashuka. Usiposhuka, Jumapili baada ya ibada tunamrudisha."

"Lakini nani alikuwa ameshika moto wa mashine?" Anande aliuliza ghafla. "Saadi, si ulikuwa mjini?"

Saadi alitazama chini. Chupa ya chai ilikuwa nzito mikononi mwa Lydia.

"Ni mimi, shemeji. Baba Lilian aliniambia nipande."

"Wewe."

"Ndiyo, shemeji."

"Mwanamke wa masufuria." Hakusema kwa sauti kubwa. "Ukamkanyagia mume wako moto mpaka ukampiga risasi ya mafuta. Na bado unataka nikuachie useme habari ya mkono wake."

Lydia alikuwa hajasema neno lolote habari ya mkono. Alijikuta anasema samahani, akimwomba radhi mtu aliyekuwa anakunywa chai yake. Kisha Hedwiga akatokea mlangoni, akamwita yeye peke yake, na uso wa Hedwiga haukuwa wa jana.

*

Walikuwa wamefungua kitambaa. Lydia aliuona mkono, akarudi nyuma akagonga ukuta.

Vidole havikuwa vya Yoeli. Viwili vilikuwa vyeusi, weusi wa ndizi iliyosahaulika, na kiganja kilikuwa na rangi ambayo hakuwahi kuiona kwa mtu aliye hai. Aligusa. Vilikuwa baridi. Yoeli mwenyewe alikuwa anawaka homa, anatetemeka, anamwita mama yake aliyekufa zamani, na katikati ya moto huo vidole vilikuwa baridi kama vya mtu mwingine. Lydia alisikia sauti ikilia, akashangaa nani analia hivyo wodini asubuhi, kisha akatambua ni yeye.

"Sasa sizungumzi tena habari ya kufungua," alisema daktari Aristides. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Lydia kuliko makelele ya jana. "Nazungumza habari ya kuukata hapa, kwenye kifundo, ili mafuta na sumu yasipande. Nikingoja mchana, nitakata kwenye kiwiko. Nikingoja jioni, sina la kukata."

"Kama ningesaini jana?"

Daktari alitazama dirishani. "Mama, tusiulizane hayo."

"Niambie."

"Pengine kidole kimoja kingeondoka. Pengine kisingeondoka hata kimoja. Sijui."

Karatasi ilikuwa ile ile, Hedwiga alikuwa ameitunza. Lydia hakumuuliza mtu. Aliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, kwa herufi za shule ya msingi, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka mwishoni. Wakamsukuma Yoeli kwenye kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, naye akabaki amesimama ameshika kalamu ya watu.

Alipotoka nje walikuwa bado wanapanga gari la kumpandisha mgonjwa mlimani.

"Nimesaini," alisema.

"Umesaini nini?" aliuliza Anande.

"Mkono. Wanaukata. Wameshaingia naye."

Saadi aliutazama ule mpira, akaufunga kwenye gazeti haraka haraka, akauficha nyuma ya mgongo. Mzee Sifaeli alishika mdomo. Anande alisimama, Lydia akajua atapigwa, akakaza uso, akangoja. Lakini Anande alikwenda hadi kwenye kamba za mashuka, akashika shuka moja la hospitali kwa mikono yote miwili, akauficha uso wake humo.

"Umemkata ndugu yangu," alisema toka ndani ya shuka. "Umemkata bila ukoo. Akifa, utamzika mwenyewe. Akipona, utamlisha mwenyewe. Mimi sitaki kukuona."

Lydia aliinua vikombe vyao, kimoja kimoja, akaenda kuvisuuza bombani. Hakujua afanye nini kingine.

*

Yoeli hakufa. Homa iliteremka siku iliyofuata, na alasiri alifungua macho, akanywa maji, akautazama ule mviringo wa bandeji uliolala juu ya mto pembeni yake. Hakuuliza ni nini. Nje sauti za wageni wa wodi zilisikika, ya Anande haikuwemo.

Lydia alikuwa amejiandaa. Tangu jana alikuwa akipanga maneno, akiyapanga na kuyapangua. Alikuwa ameamua kwamba atapiga magoti. Atamwambia kwamba alijua hana haki, kwamba alimwona anakufa, kwamba atafanya kazi kwa mikono yake miwili badala ya mmoja alioutoa. Alikuwa tayari kwa matusi, na tayari kurudishwa kwao.

"Nani alisaini?" aliuliza Yoeli.

"Mimi. Kaka alikataa. Wazee walikataa. Nilisaini mwenyewe, Baba Lilian. Nisamehe."

Yoeli aliendelea kuitazama bandeji. Aliinyanyua kidogo, akaona jinsi ilivyo nyepesi, akairudisha juu ya mto.

"Ile siku tulipofika," alisema, "nilikuona umeshika kalamu."

"Ndiyo."

"Ukaiweka chini."

Kati ya mambo yote ambayo Lydia aliyapangia majibu, hili hakulipangia. "Ni wewe uliyesema tumsubiri kaka," alisema. "Ulisema hivyo kwa kinywa chako. Hata nesi alisikia."

"Najua nilisema."

Alimgeuzia uso. Macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo, yalikuwa na mshangao tu, kama bado anashindwa kuelewa ilivyowezekana.

"Mimi nilikuwa mgonjwa, Lydia," alisema. "Wewe ulikuwa mzima."